Milo Alikufa Peke Yake: Historia ya Vyuma Vinavyotuangukia

Ule mkebe wa kijani wa Milo ulio jikoni kwenu una jina la mtu. Kinywaji chenyewe kilianza Australia mwaka 1934, na waliokitengeneza walikopa jina la Milo wa Croton, mwanamieleka wa Kigiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Kila kocha wa jimu anajua nusu ya hadithi yake. Eti alibeba ndama begani kila siku, ndama akakua akawa fahali, na Milo akajikuta anabeba fahali. Nusu ya pili hawaisemi. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba siku moja Milo, akiwa peke yake porini, aliona gogo lililopasuliwa nusu na kuachwa na kabari ndani. Akaingiza mikono alimalize. Kabari zikatoka, gogo likajifunga na mikono yake ndani, na usiku mbwa mwitu wakamla. Ingekuwa huku kwetu ingekuwa simba wa Tsavo, na kazi ingeisha mapema.

Sasa toa gogo, weka mtaimbo wa vyuma kifuani. Toa pori, weka jimu saa tatu usiku wakati wasee wengine wameenda home. Ni kifo kile kile: mtu mwenye nguvu kuliko wote kijijini, amenaswa chini ya mzigo wake mwenyewe, na hakuna mtu wa kuita.

Nimesoma sana historia ya hivi vyuma miezi hii. Kitu kilichonishika ni kwamba kila kifaa cha usalama unachokiona kwenye jimu ya video za Instagram kina umri. Kuna wakati hakikuwepo, watu wakaumia, ndiyo kikabuniwa. Na ukitembea Bomeni, ukaingia zile jimu zetu za mabati nyuma ya nyumba za watu, utaona kwamba wengi wetu tunafanya mazoezi na vifaa vya kabla ya huo ubunifu. Ni kama kupanda gari lililotengenezwa kabla ya breki kugunduliwa.

Sichekelei jimu za mtaa, tuelewane. Paipu ya maji, simiti, mikebe miwili ya rangi, gia ya lori iliyokufa njiani kuelekea Holili, benchi ya mbao. Hizo ndizo zimejenga vifua vya nusu ya vijana wa Taveta, na ada yake mtu wa boda anaimudu. Lakini tuzijue zilivyo.

Mji huu una historia ndefu ya kubeba mizigo kuliko jimu yoyote. Taveta ilikuwa kituo cha misafara kutoka pwani kwenda Kilimanjaro na Umasaini karne ya 19. Mzigo ulipimwa kwa frasila, kama kilo 16, na mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, siku baada ya siku, na blanketi lake na sufuria juu yake. Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliichukua Taveta Agosti 1914, Waingereza wakairudisha Machi 1916 baada ya kuchapwa kule kilima cha Salaita mwezi mmoja kabla. Reli kutoka Voi ililazwa kwa haraka kwa ajili ya vita hivyo. Pale reli ilipoishia, mgongo wa Mwafrika ulianza. Wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa, na mitaa ya Kariakoo na Kariokor ndiyo imebaki na jina lao. Makaburi ya wanajeshi hapa Taveta yamepangwa safi na nyasi zimekatwa. Mpagazi wa kawaida hana jiwe lake.

Hata leo, simama sokoni siku ya soko uangalie gunia la vitunguu likipanda kwenye lori. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima akibebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe kupunguza huo mzigo. Lumbesa haijasikia habari hiyo. Na vijana hao hao wanaoshusha magunia mchana ndio wanakuja jimu jioni, mgongo ukiwa tayari umechoka. Hiyo pekee ni sababu ya ajali ambayo hakuna video ya YouTube kutoka Marekani itakuambia, kwa sababu wao mchana wamekaa kwenye kiti.

Turudi kwenye vyuma. Miaka ya 1890, watu wenye nguvu Ulaya walikuwa wasanii wa jukwaani. Eugen Sandow, Mjerumani aliyetamba London, ndiye aliyefanya mwili wenyewe kuwa shoo. Vyuma vyao vilikuwa paipu yenye mipira miwili ya chuma huku na huku, uzito umefungwa humo ndani. Kama unaona picha hiyo kichwani, umeona pia mkebe wetu wa simiti. Ni kifaa kile kile, miaka 130 baadaye. Kwenye Olimpiki ya kwanza, Athens 1896, Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza waliinua kilo 111.5 kila mmoja kwa mikono miwili, na ushindi ukapewa Jensen kwa sababu aliinua kwa mtindo mzuri zaidi. Kwa mkono mmoja Elliot akalipiza, kilo 71. Ndiyo, kulikuwa na mashindano ya mkono mmoja. Usijaribu.

Kisha mwaka 1902 jamaa anaitwa Alan Calvert akafungua kampuni Philadelphia ya kuuza vyuma ambavyo unaweza kuongeza na kupunguza uzito. Kampuni akaiita Milo. (Naona hakuna aliyesoma mwisho wa ile hadithi.) Hapo ndipo mtu wa kawaida akaanza kufanya mazoezi nyumbani, akianza na kidogo na kupanda polepole. Ilikuwa hatua kubwa kwa usalama. Lakini chuma kinachotoka kwa hiari yako kinaweza kutoka pia kwa hiari yake, na ndiyo maana ikabidi kuwe na klipu za kushikilia pleti.

Hili la klipu tulieleweshe vizuri kwa sababu nimeliona kwa macho. Kijana mmoja, jimu moja ambayo sitaitaja, alimaliza seti yake, mtaimbo ukiwa kwenye stendi za benchi. Akaanza kutoa uzito wote wa upande wa kulia kabla ya kugusa kushoto. Stendi za benchi ziko ndani, pleti ziko nje, kwa hiyo mtaimbo ni kama ubao wa bembea. Upande mmoja ukiwa mtupu na mwingine una kilo 40, bembea inaruka. Mtaimbo uliruka, ukapita karibu na kichwa cha msee aliyekuwa anafunga kamba za viatu, ukagonga mabati. Kelele ile ilisikika mpaka barabarani. Toa kidogo huku, kidogo kule, ni hivyo tu. Kitu hicho hicho kinatokea ukiinua bila klipu: mkono mmoja unachoka kwanza, pleti zinateleza upande huo, zinadondoka, halafu upande wa pili unarusha mtaimbo wote kama fimbo.

Lakini kuna wakati kukosa klipu kunaokoa maisha, na hapa ndipo watu wanabishana. Ukiwa peke yako kwenye benchi, huna mtu wala raki, na uzito ukakushinda kifuani, njia ya kutoka ni kuinamisha mtaimbo upande mmoja pleti ziteleze zianguke. Zitapiga kelele, zitavunja simiti ya mwenye nyumba, lakini utaamka. Ukiwa na klipu huwezi. Na ukiwa na mikebe ya simiti iliyogandishwa kwenye paipu huwezi kabisa, hata ukitaka. Uzito wa 1896 hautoki. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tatizo kubwa la vyuma vya mtaani, kubwa kuliko kutu na kuliko paipu kupinda.

La pili ni upana wa mkebe. Mwishoni mwa karne ya 19 George Hackenschmidt, mzaliwa wa Estonia, alilala chini sakafuni na kusukuma juu karibu kilo 164. Benchi tunayoijua ilikuwa bado. Ulilala sakafuni, ukaviringisha mtaimbo juu ya uso wako mpaka kifuani, ukasukuma. Ili upite juu ya pua bila kuiondoa, pleti zilipaswa kuwa kubwa. Leo pleti kubwa za mashindano ya Olimpiki zina kipenyo cha sentimita 45 kamili. Fanya hesabu: nusu yake ni 22.5, toa nusu ya unene wa mtaimbo, unabaki na nafasi ya kama sentimita 21 kati ya chuma na sakafu. Nafasi hiyo inamtosha mtu mwenye bahati.

Mtu mwenye bahati alikuwa Matthias Steiner wa Ujerumani. Alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 2008. London 2012 akajaribu kilo 196 kwa kuinua moja kwa moja juu ya kichwa, mikono ikamwacha, na mtaimbo ukamwangukia nyuma ya shingo. Uwanja mzima ulinyamaza. Wakaleta mapazia kumficha. Halafu akasimama, akapunga mkono. Kilo 196 shingoni na hakuvunjika mfupa. Pleti kubwa zilipogusa jukwaa, zilibeba uzito ambao vinginevyo ungeendelea kushuka.

Chukua sasa mkebe wa rangi wa lita 4. Kipenyo chake ni kama sentimita 17. Nusu ni 8.5, toa nusu ya unene wa paipu, unabaki na sentimita 6 au 7 kutoka sakafuni. Pima kichwa chako. Pima shingo.

Skwati nayo ina hadithi yake, na inaanza na vita vile vile vilivyopita hapa Taveta. Henry Steinborn alikuwa baharia Mjerumani aliyenaswa Australia vita vilipoanza, akawekwa kambini, na humo ndani akaendelea kujifua. Alipofika Marekani mwaka 1921 alishtua watu: alisimamisha mtaimbo wima upande mmoja, akachuchumaa chini yake, akauinamisha ukalala mabegani, akasimama nao. Uzito wa zaidi ya kilo 240. Kuurudisha ilikuwa kinyumenyume, njia ile ile. Alifanya hivyo kwa sababu hakukuwa na stendi ya kuuweka. Nimeona kijana Bomeni akifanya kitu cha kufanana, wenzake wawili wakimwekea mtaimbo mabegani kutoka pande mbili. Wawili hao wakiachilia kwa sekunde tofauti, uti wa mgongo ndio unalipa tofauti hiyo.

Stendi zikaja. Halafu miaka ya mwanzo ya 1960, kampuni ya York kule Pennsylvania ikaanza kuuza raki yenye nguzo mbili zenye matundu na vyuma vya kupitisha humo. Lengo la kwanza halikuwa usalama. Ilikuwa mazoezi ya kusukuma chuma kisichosogea, mtindo uliovuma sana wakati huo kwa sababu wanamichezo wa York walikuwa wakipanda nguvu kwa kasi ya ajabu. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi yao walikuwa wanameza vidonge vya Dianabol kutoka kwa daktari anaitwa John Ziegler. Raki ikasifiwa kwa kazi ya dawa. Mtindo ule ukafa, lakini raki ikabaki, maana watu waligundua kwamba vile vyuma vya pembeni ukiviweka chini kidogo ya kimo unachofika, skwati ikikushinda unakaa tu chini na vyuma vinapokea mzigo. Nadhani ndiyo zawadi bora kuwahi kutoka kwa uongo.

Olimpiki wenyewe nao walifuta zoezi zima. Mpaka Munich 1972 kulikuwa na zoezi la tatu: kusukuma mtaimbo juu kutoka mabegani bila kutumia miguu. Watu wakaanza kuinama nyuma, kila mwaka zaidi, mpaka walionekana kama wamelala hewani. Waamuzi wakashindwa kusema nini ni halali, na migongo ikawa hatarini. Baada ya Munich likatolewa. Zoezi hilo hilo, mgongo umepinda hivyo hivyo, unaweza kuliona mtaani jioni hii ukitaka.

Sasa namba, kwa wale wa "bro unaongea sana, nani ameumia?" Watafiti wa Marekani walihesabu majeraha ya mazoezi ya uzito yaliyofika vyumba vya dharura vya hospitali kati ya 1990 na 2007, wakapata makadirio ya zaidi ya 970,000. Asilimia 90 hivi yalitokana na vyuma huru, yaani mtaimbo na dambeli, siyo mashine. Sababu kubwa kuliko zote, karibu asilimia 65, ilikuwa chuma kumwangukia mtu. Na karibu nusu ya waliojeruhiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Hao ni sisi. Hawa ni watu wenye pleti za sentimita 45 na raki za York, na bado.

Mmoja wao mnaweza kumtafuta. Stafon Johnson alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha USC. Septemba 2009, kwenye benchi, kilo kama 125, mtaimbo ukamteleza mkononi ukamwangukia kooni. Kocha alikuwa pale pale. Alifanyiwa upasuaji wa saa nyingi, akapona, na baadaye hata timu ya NFL ikamchukua. Uzito huo kwake ulikuwa wa kawaida tu. Kuteleza hakuangalii uzito: inatosha kidole gumba kisizunguke mtaimbo na jasho kidogo. Wainuaji wa mashindano ya kimataifa wa benchi hawaruhusiwi kushika bila gumba, na jukwaani lazima wawepo wasaidizi wasiopungua 2 na wasiozidi 5. Mabingwa wa dunia wanalazimishwa kusaidiwa, na sisi tunaona aibu kumwomba mtu.

Na kuna ile video ya Bali. Julai 2023, Justyn Vicky, kocha wa Indonesia mwenye miaka 33 na wafuasi wengi mtandaoni, aliweka kilo 210 mabegani kwa skwati. Alishuka, hakuweza kupanda, akakaa chini, na mtaimbo ukamsukuma shingo mbele. Msaidizi alikuwepo nyuma yake, akayumba pamoja naye. Mtu mmoja nyuma hawezi kubeba kilo 210 zinazoanguka. Kwa uzito kama huo unahitaji watu pande zote mbili, au chuma cha raki. Alikufa baada ya upasuaji. Wengi wetu tuliiona ile clip, tukaforwadi, tukaendelea na maisha. Mimi kilichoniuma ni kwamba kazi yake ilikuwa kama yangu, kuweka vitu mtandaoni watu wavitazame.

Kuna mambo ya sheria pia, na hapa wenye jimu watanichukia kidogo. Lile bango la "unafanya mazoezi kwa hatari yako mwenyewe" linadhaniwa kuwa ni ngao. Kenya tuna sheria ya zamani, Sura ya 34, kuhusu wajibu wa mwenye jengo kwa watu anaowaruhusu kuingia. Inasema kwamba onyo peke yake halimwondolei lawama kama halikumwezesha mgeni kuwa salama ipasavyo. Kuandika "hatari" ukutani juu ya benchi yenye mguu uliovunjika hakuifanyi ile benchi kuwa salama. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataja wazi kwamba imekusudiwa kulinda hata watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi za watu wengine. Jimu ni kazi ya mtu.

Najua mwenye jimu wa mabati hana pesa ya raki kutoka Nairobi, na akipandisha ada mimi na wewe tutahama. Lakini nimekaa na fundi wa jua kali hapa Bomeni tukaichora raki chini kwa kijiti. Nguzo mbili za chuma cha mraba, futi chini zisianguke, matundu kila baada ya inchi mbili, na vyuma viwili vizito vya kupitisha. Aliniuliza swali moja ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu asiyeinua vyuma: mtu mrefu na mtu mfupi watatumia tundu moja? Nikamwambia hapana, kila mtu achuchumae kwanza bila uzito, mwenzake aangalie mtaimbo unafika wapi, chuma kiwekwe tundu moja chini ya hapo. Akatikisa kichwa, akaongeza matundu matatu kwenye mchoro, akasema ile mikebe ya simiti pia anaweza kuikata aweke mdomo wa paipu wenye klipu, ili itoke.